Nani anakula LUKU?

Mwezi wa sita 2021 Mama Samia alikuwa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu, akawaambia watu wa benki waanze kujiandaa na mambo ya sarafu za mtandaoni. Yeye alisema benki ijiandae, mimi huku Mbagala nikaelewa nijiandae mimi. Benki hao hao walishatoa tangazo 2019 kwamba hizo sarafu hazitambuliki nchini, ila mtu akishapandwa na moto wa hela anasikia anachotaka kusikia tu.

Wakati huo Ethereum, moja ya sarafu hizo, ilikuwa bado inachimbwa, yaani kompyuta inapiga hesabu usiku na mchana na inalipwa kwa sarafu hiyo, kwa kadi za grafiki, hizi hizi za kuchezea gemu (walikuja kuacha Septemba 2022, ila hayo ya mbele). Jamaa yangu mmoja alikuwa na kibanda cha gemu, korona ikamuulia biashara, akawa anauza kadi zake 3 aina ya RX 580 za GB 8. Kwenye stori hii yote hapo tu ndo nilitumia akili, nilijua za GB 4 hazifai tena, maana kuna faili moja linaitwa DAG ambalo kadi lazima ilibebe lote kwenye memori yake na lile faili linanenepa kila baada ya siku chache, mwisho wa 2020 likavuka GB 4 na kadi zote ndogo zikafia hapo. Bahati nzuri ilikuwa zamu yangu kupokea mchezo ofisini. Hela ikatoka mkono huu ikaingia mkono ule, sikununua hata soda.

Kikokotoo cha mtandaoni kikaniambia kadi moja inatoa kama megaheshi 30 (ndo kipimo cha kasi ya kuchimba), tatu ni 90, na 90 ni kama dola 6 kwa siku. Dola 6 mara 2,300 mara siku 30, laki nne na elfu kumi na nne kwa mwezi bila kunyanyuka kitandani. Usiku ule ule nikaanza kuulizia viwanja Chanika.

Sasa ngoja nikueleze nyumba. Vyumba 8, mita ya LUKU moja. Mwenye taa na chaji ya simu anachanga elfu 2, mwenye TV na feni elfu 3, Mama Barafu mwenye friza elfu 5, na Bibi mwenye nyumba hachangi kitu, utamwambia nini. Zinapatikana 20,000, zinaleta uniti 56, tunakaa nazo wiki mbili kwa amani. Mimi kwenye daftari niliandikwa "TV na feni". Hiyo TV yenyewe nilishaiuza ninunue mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta.

Kuunganisha kukanitoa jasho. Kadi tatu hazienei kwenye mazabodi kwa hiyo unazining'iniza pembeni kwa vitu vinaitwa raiza, vibodi vidogo vina waya kama wa USB, na kila raiza inataka umeme wake. Nikawasha, kompyuta ikaona kadi mbili. Nikabadili waya, mbili. Nikabadili kadi, mbili. Nikapuliza matundu kama tulivyokuwa tunapuliza kaseti za gemu utotoni, mbili! Nikamaliza usiku mbili namna hiyo, nimeshaanza kumtuhumu jamaa kaniuzia kopo, kumbe kuna sehemu kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, imeandikwa Above 4G Decoding, ukiiwasha ile tu zote tatu zinakaa kwenye mstari. Kitufe kimoja bana. Nilitamani kulia.

Nikashusha programu ya kuchimbia, nikageuka kumimina chai, kurudi haipo. Windows imeila. Nikashusha tena, ikala tena. Unajua kuna wezi wanaficha hizi programu kwenye kompyuta za watu wawachimbie bila kujua, sasa antivairasi ikiona chochote kinachochimba inajua ni mwizi, mpaka uishikishe mkono uiambie folda hii usiiguse, kama unavyomwambia mbwa wa getini huyu mgeni wangu. Ikakubali. Programu ikafunguka, ikajifunga. Ikafunguka, ikajifunga. Hiyo nayo ilikuwa inataka memori ya kuazima kutoka kwenye diski, nikaipa GB 16 ikatulia.

Afu ikaja harufu.

Unaijua ile harufu ya fundi redio akiwa anachoma risasi? Nikanusa, nikajua ni jirani anakaanga kitu, nikaendelea na chai yangu, moshi mwembamba ukapita mbele ya pua. Nikang'oa plagi ya ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikaja na vumbi la ukuta. Raiza moja nilikuwa nimeilisha kwa zile waya bapa za SATA, za kulishia diski. Kichwa cha waya kilikuwa kimelainika kama gundi, meno mawili ya shaba yamezama kwenye plastiki kama utambi kwenye mshumaa, na pembeni kumegeuka rangi ya chai ya rangi. Nilipompelekea fundi wa kompyuta akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia tundu la kadi linaweza kuvuta mpaka wati 75, hiyo SATA uwezo wake 54, "yaani umembebesha mtoto wa darasa la pili gunia la mkaa". Akanipa raiza zinazokula waya nene za pini 6 moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai. Kwa yeyote anayesoma hii na ana raiza za SATA nyumbani, acha kusoma kwanza kazichomoe.

Kilichobaki ni kujiunga na kikoba. Wachimbaji wadogo hawachimbi kila mtu peke yake, utazeeka hujapata kitu, wanaungana mtandaoni, kikipatikana kinagawanywa kulingana na jasho la kila mtu. Unaandika faili dogo lenye mstari mmoja, ndani kuna kikoba gani, anwani ya waleti yako (pochi yako ya mtandaoni, hela inaingia humo), na jina la mashine. Kulikuwa na jamaa kwenye video anaelekeza vizuri sana, mpole, ameweka na faili lake tayari chini ya video, wewe unabadili tu. Jina la mashine nikabadili, nikaandika TAJIRI_MBAGALA. Video ikawa inakwama kwama na bando linaisha, nikaruka dakika kama mbili hivi.

Ikawaka. Mistari ya kijani ikaanza kushuka, sheya (kipande cha kazi ulichomaliza) imekubaliwa, sheya imekubaliwa, sheya imekubaliwa. Sikulala. Nilikaa naangalia kijani kama mtu anaangalia mtoto wake wa kwanza. Nilifungua ukurasa wa kikoba mara moja, nikaweka anwani yangu, ukasema hakuna taarifa, nikasoma mahali kwamba taarifa zinachelewa kidogo kuonekana, nikafunga kulinda bando. Kuchimba kwenyewe hakuli bando kivile, zile kurasa zenye michoro ndo zinakula.

Chumba kikawa tanuri. Dar yenyewe unaijua, sasa ongeza kitu kinavuta wati 600 masaa 24 kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Feni nikaielekeza kwenye mashine, mimi nikatoka na mkeka nikawa nalala koridoni, wakiniuliza nasema kunguni. Faida ilikuwa moja tu, ukifua soksi ukaning'iniza pale nyuma ya kadi, dakika ishirini zimekauka kama dagaa.

Siku ya tatu LUKU ikakata. Kelele nyumba nzima, 20,000 ya juzi! Ila nilikuwa na bahati, ndo kwanza tangu Agosti 20 walikuwa wameanza kukata kodi ya jengo humo humo kwenye LUKU, buku kila mwezi, kwa hiyo watu walikuwa na wa kumlaumu na mimi nikawa msemaji mkuu. "Si mnaona? Kodi ya jengo hiyo!" Tukachanga upya. Siku tatu nyingine, ikakata. Sasa kodi ya buku haiwezi kula elfu ishirini mara mbili, macho yote yakageukia friza. Na hapa naomba msamaha hadharani, maana mimi, kwa mdomo wangu huu, nilisema "friza za zamani zinakula sana, gesi ikipungua mota haipumziki". Mama Barafu aliniangalia, hakujibu. Akaenda akachomoa friza yake. Siku mbili. Barafu zikayeyuka, zikatoka chini ya mlango mkondo mwekundu wa ubuyu mpaka uani, na umeme ukaendelea kuisha vile vile.

Aliyenimaliza ni kijana wa boda wa chumba cha 4. Anarudi saa nane usiku, nyumba nzima imelala, friza imechomolewa, anakuta taa ya mita inapepesa kama ina haraka ya kwenda mahali. Jumapili asubuhi, siku ya 11, kikao barazani, Bibi akasema kila mtu afungue mlango wake.

Kwangu walivyofungua tu joto likawapiga usoni, Mzee Bandari wa chumba cha mbele akavua kofia. Feni inapuliza, kadi tatu zinaning'inia kwenye fremu ya mbao, zinavuma.

"Mwanangu," Mama Barafu akasema taratibu, "hii ndo TV na feni?"

"Shikamooni. Hapa... nachimba."

Nilikosea kuchagua neno. Bibi mwenye nyumba alinisukuma akaingia, akainama na kiuno chake kile, akachungulia uvunguni. "Unachimba wapi? Nani kakupa ruhusa uchimbe kwenye nyumba yangu? Shimo liko wapi?" Mzee Bandari naye macho yakamwaka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wa siri, "Kijana, umepata alama ya Mjerumani?" Maana si unajua, kila ukoo nchi hii una mzee anayejua mahali Mjerumani alipofukia rupia zake. Nikawaambia hakuna shimo, sarafu ziko mtandaoni, Bibi akasema kama ni rupia na zimetoka kwenye kiwanja chake nusu ni zake, hati anayo.

Ikanichukua kama nusu saa kuwaelewesha kwamba mashine inapiga hesabu, na hesabu zinalipwa. Wakaelewa neno la mwisho tu. "Haya tuonyeshe hela." Nikajua ndo pa kuokokea, siku 11 kwa dola 6, kuna kama laki na nusu pale, nawarudishia LUKU yao na chenji inabaki. Nikafungua ukurasa wa kikoba mbele ya watu kumi na moja na watoto, nikaweka anwani yangu.

Hakuna taarifa.

Nikaweka tena. Hakuna taarifa. Nikawaonyesha mistari ya kijani, si hii inakubaliwa? Kijana wa boda akasogea kwenye skrini, anatafuna njiti, yule anatuma hela kwa simu mara ishirini kwa siku na kazi yake kuhakiki namba. Akaangalia faili, akaangalia simu yangu. "Kaka, hapa kwenye mashine inaishia na 7f. Ya kwako hapa inaishia na c3."

Nikasema haiwezekani. Anwani ya Ethereum ina herufi 42 kwa kuhesabu na ile 0x ya mbele, nikaanza kulinganisha kwa kidole moja moja, sikufika mbali, ya tatu tu. Nilibadili jina la mashine. Anwani niliiacha ya jamaa mpole wa video. Nikaichukua ile anwani yake nikaiweka kwenye kikoba, ukurasa ukajaa michoro mizuri, hela inapanda, na chini orodha ya mashine zinazomchimbia, TAJIRI_MBAGALA ipo inang'aa kijani. Na haikuwa peke yake, tulikuwa mashine 14, majina tofauti tofauti, nadhani wote waliruka zile dakika mbili.

"Umetuma namba siyo," akasema wa boda.

"Si upige huduma kwa wateja waurudishe muamala," akasema Mama Barafu.

"Hamna huduma kwa wateja, mama."

"Hamna?"

"Hamna. Ikishaenda imeenda."

"Sasa mtandao gani huo hauna huduma kwa wateja?" Hilo swali mpaka leo sina jibu lake.

Mzee Bandari akaomba kalamu. Wati 600, masaa 24, uniti 14 na ushee, mara siku 11 ni 158, uniti moja kama 356, akapiga mstari chini: elfu hamsini na sita na mia mbili arobaini na nane. Mama Barafu akaongeza barafu na ubuyu wa siku mbili kwa bei ya rejareja. Bibi akasema nikitaka kuendelea ninunue sabmita yangu, na kwa kumdanganya habari za rupia kodi inapanda. Nikalipa kwa awamu mbili, mashine nikaifunga kwenye boksi niitafutie mteja.

Novemba mvua za vuli zikaanza, siku ya tatu mfululizo hakuna jua, uani kamba zimejaa nguo zinatoa harufu. Jumapili jioni nasikia hodi. Mama Barafu, beseni la sare za shule kiunoni.

"Mwanangu, kile kidude chako ushauza?"

"Bado, mama."

Akaweka beseni chini. "Elfu 2 ya LUKU natoa mimi. Anza na sweta."