Jochum, Wand na mwendo wa Bruckner

Anayetafuta seti kamili ya rekodi za simfonia tisa za mtunzi wa Austria Anton Bruckner hukutana mapema na hukumu mbili zilizo tayari, juu ya waongoza okestra wawili wa Ujerumani. Günter Wand, wanasema, ni mjenzi: hushika mwendo mmoja na kufika nao mwisho bila kutetereka. Eugen Jochum ni mtu wa jazba: anakimbia, anapunguza, anakimbia tena, na muziki unapoteza umbo. Hukumu ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili imerudiwa na watu wengi kuliko waliofungua nota, yaani muziki wenyewe ulivyoandikwa, kuihakiki.

Jochum alirekodi zote tisa mara mbili. Seti ya kwanza, ya kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon, ilianza 1958 na kukamilika 1967, akigawanya kazi kati ya Berlin Philharmonic na okestra ya Redio ya Bavaria. Ya pili aliirekodi Dresden na Staatskapelle, okestra ya mji huo, kati ya 1975 na 1980. Wand alirekodi zake Cologne na okestra ya redio ya WDR, 1974 hadi 1981, kisha akazirudia kadhaa uzeeni, Hamburg na Berlin.

Tuchukue sehemu ya nne ya Simfonia ya Nane, maana hapo ndipo mashtaka dhidi ya Jochum hukolea. Nota zake zimechapishwa na wahariri tofauti. Toleo la Leopold Nowak, analotumia Jochum, lina vipimo 709, yaani vile vijisehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari kwenye nota. Toleo la Robert Haas, analotumia Wand, lina vipimo 747, kwa sababu Haas alirudisha vipande ambavyo Bruckner alikuwa ameviondoa alipoiandika upya simfonia hii. Kwa hiyo kulinganisha dakika zilizoandikwa kwenye jalada bila kuangalia toleo ni kupotea tangu mwanzo. Mwanzoni mwa sehemu hiyo Bruckner ameandika mwendo wa metronomu, kifaa cha kupimia kasi ya muziki: mapigo 69 kwa dakika, mawili katika kila kipimo. Vipimo 709 ni mapigo 1,418. Gawanya kwa 69, unapata dakika 20 na nusu. Jochum na Berlin, 1964, anamaliza kwa takriban dakika 20. Wand, pia na Berlin, 2001, anachukua kama 26, ilhali kwa mwendo wa 69 vipimo vyake 747 visingefika hata dakika 22. Mwongozaji mwingine, Sergiu Celibidache, Munich 1993, kwa toleo la Nowak, anavuka dakika 30.

Hesabu hiyo haimsafishi Jochum moja kwa moja. Nambari 69 ni ya mwanzo tu, na nota zenyewe zinaagiza kupunguza mwendo mbele kidogo, wimbo wa pili unapoingia. Anayepunguza pale na bado akamaliza ndani ya dakika 20 lazima kuna mahali pengine amelivuka pigo la 69, tena si kidogo. Ndiyo, anaharakisha. Lakini tazama wastani: Wand yuko karibu na mapigo 57 kwa dakika, Celibidache hafiki 48. Yule anayeshtakiwa kwa kujichukulia uhuru ndiye aliye karibu zaidi na nambari aliyoiandika mtunzi. Hili silioni likitajwa vya kutosha.

Na si suala la saa tu. Sikiliza vipimo vya kwanza. Ala za nyuzi zinagonga sauti ileile tena na tena, na mbele ya kila pigo kuna kinoti kidogo cha kudokeza. Juu yake ala za shaba zinaimba kama kwaya, kisha tarumbeta zinapiga mbiu. Bruckner alimweleza mwongoza okestra Felix Weingartner kwa barua mwaka 1891 kwamba nyuzi ni wapandafarasi wa Kikosaki, shaba ni bendi ya jeshi, na tarumbeta ni za wafalme wanapokutana. Kwa mwendo wa Jochum upinde unaruka juu ya waya na kile kinoti kinauma. Ni farasi kweli. Ukishuka hadi mapigo hamsini na kitu, kinoti kinajitenga na pigo lake, na wapanda farasi wanageuka watembea kwa miguu. Shaba wanapata fahari zaidi, hilo nakubali, ila nyuzi zinabaki bila kazi ya maana.

Barua za mtunzi zinakwenda mbali zaidi. Huyohuyo Weingartner, aliyekuwa akiiandaa Simfonia ya Nane, aliruhusiwa kubadili mwendo kadiri uwazi utakavyohitaji. Kabla ya hapo, mwaka 1884, Bruckner alimwandikia mwongoza okestra Arthur Nikisch kuhusu sehemu ya mwisho ya Simfonia ya Saba: alikuwa ameisikia ikipigwa kwa piano kwa kasi, akatambua kwamba inahitaji mwendo wa wastani na kubadilishwa mara kwa mara. Barua hii inazigusa pande zote mbili. Inamwonya mwenye haraka, na inamnyima hoja anayedai kwamba pigo moja lisilobadilika ndilo agizo la Bruckner. Dhana hiyo ilipata nguvu kupitia matoleo ya Haas ya miaka ya 1930 na 1940. Katika Simfonia ya Saba, alama za mwendo zilizokuwamo kwenye nota za mkono Haas aliziona ni za watu wengine, akazifuta. Nowak akazirudisha ndani ya mabano. Waliojifunza kwa karatasi safi ya Haas wakaamini usafi huo ni sauti ya mtunzi.

Hoja ya Wand haianguki kwa hayo. Mwishoni mwa Simfonia ya Nane nyimbo za sehemu zote nne zinawekwa moja juu ya nyingine, na sijasikia anayefika pale kama yeye, kwa sababu njiani hakutumia nguvu zake zote. Kasoro ya Jochum inajulikana ilipo. Bruckner hupanda kwa kurudia kipande kifupi, kila mara juu kidogo. Jochum husukuma kila rudio, kisha hupanua kilele. Okestra inayoharakisha huku ikiongeza sauti humaliza pumzi na upinde kabla ya kileleni, na ukimya unaofuata husikika kama breki. Katika seti ya Dresden tarumbeta zinakuwa kali hadi kuumiza sikio, hasa penye sauti kubwa mfululizo. Na ukisikiliza simfonia tatu kwa siku moja, misukumo hiyo unaanza kuitabiri.

Anayetaka kujihakikishia achukue nota na saa, ahesabu vipimo vinavyopita ndani ya sekunde 30 mahali patatu: mwanzo, wimbo wa pili, na kilele cha kwanza. Ataona kwamba Wand naye hubadilika. Tofauti ni kwamba yeye hubadilika kwenye maungio ya sehemu moja na nyingine, Jochum hubadilika ndani ya sentensi ya muziki.

Kwa Simfonia ya Nane peke yake, ningemshika Wand wa Berlin kwa ajili ya mwisho ule. Kwa seti nzima ningechukua Jochum wa kwanza bila kusita, na sababu kubwa ni Simfonia ya Sita aliyoirekodi na Bavaria mwaka 1966. Sehemu yake ya mwisho hulaumiwa kuwa vipande visivyoungana: wimbo unaanza, unakatwa na shaba, unaanza mwingine. Mwongozaji akishika pigo moja, kila mkato unasikika kama kosa la mtunzi. Jochum anaukaza mwendo kuelekea kwenye mkato na kuulegeza mara tu baada yake, na vipande vinashikana.