Acheni kukata sailensa za matrekta ya zamani

Jamani kuna hii tabia imeshika sana huku kwetu Karatu, mtu ananunua Massey Ferguson 135 iliyochoka, hata plau hajafunga, anaipeleka kwa fundi wa kuchomelea akate sailensa, ile inayopunguza kelele kwenye bomba la moshi, aweke bomba tupu, af anakwambia eti sasa ina nguvu. Mi sikubaliani kabisa.

135 zilianza kutengenezwa 1964 na nyingi zina ile injini ya Perkins ya dizeli, silinda 3, lita 2.5, haina tabo (turbo, ya kusukumia hewa). Injini ya hivyo ukiifungia sailensa ya saizi yake hupotezi nguvu ya kuonekana shambani. Ikikuchokea mlimani na moshi mweusi juu, cheki nozeli zinazopulizia dizeli, cheki pampu yake, mwaga oili chafu kwenye ile eya klina (chujio la hewa) ya bakuli. Kunguruma sio nguvu. Na dereva wa haya matrekta hana kebini, kelele yote inaishia masikioni mwake, wakati wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 kwa masaa 8 ndo mwisho, na trekta lenye bomba tupu linavuka hapo mapema sana. Baba mdogo amelima ngano na bomba tupu miaka na miaka, leo nikimwamkia shikamoo narudia mara tatu ndo anageuka. Inaniuma kila nikienda kwake.

Bomba la kulala, lile linalopita chini, ni zuri kwenye kahawa maana halishiki matawi. Ila kwenye mabua makavu na visiki mi naliogopa, linapata moto na liko karibu na majani, likigonga kisiki linapinda. Kwa shamba la wazi nachagua la kusimama, moshi unapanda juu. Moshi wa dizeli shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kwenye vitu vinavyosababisha saratani tangu 2012, kwa hiyo usimwelekezee mtu puani.

Sasa la kusimama adui yake mvua. Masika moja trekta letu lililala nje bila kufunikwa, maji yakashuka kwenye bomba mpaka manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, na injini ikizimwa mara nyingi kuna vavu ya eksozi (ya kutolea moshi) inabaki wazi kwenye silinda mojawapo, maji yakapita hapo. Asubuhi kijana akapiga stata, injini ikagoma ghafla. Maji hayakandamiziki kama hewa, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikapinda, tukashusha injini nzima msimu wa kulima umeshafika. Ukihisi maji yameingia usipige stata, toa nozeli zote kwanza, zungusha injini taratibu maji yatoke.

Kingine, mafundi wanafunga bomba refu bila kulishikiza popote, linatikisika siku nzima mpaka manifoldi inapata ufa, na ile ni chuma cha kalibu, ukiichomelea bila kuipasha moto kwanza inapasuka tena pembeni. Weka brakti. Ukisikia chu chu chu injini ikiwa ya baridi na kuna masizi meusi kwenye maungio, gasketi inayoziba hapo imeshaungua, badilisha mapema.

Juu weka kile kifuniko cha chuma chenye kizito upande mmoja, moshi unakisukuma, ukizima kinajifunga chenyewe. Kama hela bado, kopo la rangi linatosha, lifunike jioni bomba likishapoa, na dereva wa asubuhi aambiwe alitoe kabla hajawasha.