Nilienda Korea kusomea mabomba, nikarudi na nywele za fedha

Wakuu, hii stori mama watoto amenikataza kuisimulia mbele za watu, ila hajakataza kuiandika, kwa hiyo acha niitue hapa.

Mi ni mtu wa mabomba. Kwenye karatasi wananiita injinia lakini kazi yangu miaka yote ni kufukuzana na maji yanayovuja chini ya ardhi kabla hayajafika kwenye mita ya mtu. Nina miaka 44, kitambi kipo, nywele za mbele zimeanza kuniaga. Sasa nikabahatika kupata kozi ya wiki tatu Korea Kusini, mambo hayohayo ya upotevu wa maji. Ofisini wakanipongeza, mama watoto akaniombea, na binti yangu wa kidato cha pili akalia, nikadhani ni uchungu wa baba kusafiri, nikaanza kumbembeleza, kumbe analia kwa nini niende mimi na sio yeye.

Huyu mtoto ana ugonjwa wa BTS, lile kundi la K-pop, muziki wa vijana wa Korea. Wale vijana wapo saba na anawajua wote, jina la jukwaani, jina la kwao, siku ya kuzaliwa, nani kaingia jeshini lini. Muulize kaka za bibi yake wanaitwa nani, wapo watatu tu, atakutajia mmoja na nusu. Basi akanipa oda, hakutaka simu wala begi, alitaka baba yake apige picha studio amevalishwa kama wao, na mekapu yote, na nywele zote. Nikasema poa, fasta, nikijua watoto husahau. Wapi! Kila siku meseji kwa simu ya mama yake, baba vipi, baba bado, baba zimebaki siku nne.

Safari naipita maana haina cha ajabu, Dar, Addis Ababa, Incheon, usingizi. Chuo chetu kilikuwa Bundang, nje kidogo ya Seoul, na chumbani nilipangwa na jamaa mmoja wa Uganda mwenye masihara balaa. Nilipomweleza shida yangu akaingia mtandaoni usiku huohuo akanitafutia studio Hongdae, kule kwa wanafunzi na vijana wanaocheza dansi barabarani, wanachukua watalii wanawageuza wasanii wa K-pop kwa masaa matatu, 180,000 won. Nikapiga hesabu, zaidi ya laki tatu za kwetu. Nikanyamaza kidogo. Jamaa akaniambia, "Ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, "mtoto ni mtoto." Nikalipa kwa posho.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwisho. Asubuhi tupo huru, sherehe ya kufunga kozi na kupewa vyeti saa kumi na mbili jioni. Miadi yangu studio saa nne na nusu. Nikaona muda upo mwingi mpaka unamwagika, nikavaa jinzi na tisheti yangu ya Wiki ya Maji, ile ya TUNZA VYANZO VYA MAJI mgongoni, suti nikaiacha imening'inia chumbani inanisubiri.

Pale studio kosa la kwanza lilikuwa mlangoni. Kule unavua viatu. Nikavua, kidole gumba cha kulia kikawa cha kwanza kutoka kwenye soksi kuwasalimia wenyeji. Dada wa mapokezi akainama, nikainama, kidole nacho nadhani kiliinama. Wakanipa ndala, ndogo, kisigino changu kikabaki nje kama mtu aliyekosa nafasi kwenye daladala.

Wakaniketisha mbele ya kioo chenye taa pande zote. Dada wa mekapu akaniangalia, akamuita mwenzake, naye akaniangalia, wakamuita wa tatu. Kikao. Poda zao zina namba, 21 na 23 ndo zimejaa pale, na mimi jamani si wa 21 wala 23, mi kama zingekuwa zinahesabiwa hivyo ni wa mia na kitu. Akajaribu ile 23 kwenye taya. Nikajiona upande mmoja baba wa watu, upande wa pili mtu aliyetumbukia kwenye gunia la sembe. Mwenyewe akashtuka akafuta haraka, akaniomba radhi mara nne, nikamwambia hamna shida dada yangu, kwa Kiswahili, akaelewa vizuri tu.

Nimsifie lakini, yule dada alikuwa fundi. Alichukua kibati chake kidogo, akachota wanja wa kahawia wa machoni, akachota ile poda ya kuchora mashavu, akatonesha mafuta, akawa anasaga na kijiko bapa kama anayetafuta rangi ya ukuta. Anajaribisha kwenye mkono wangu, anatikisa kichwa, anasaga tena. Dakika ishirini nzima. Alipoipata, akapiga kofi dogo la furaha na wale wenzake nao wakapiga, na ukweli ile rangi ilikuwa mimi mtupu, mimi wa baada ya kulala vizuri mwezi mzima. Afu akaja wanja, akaja kumetameta chini ya macho, akaja rangi ya mdomo inayowekwa nyekundu katikati inafifia ikienda pembeni, nikaonekana nimetoka kula ubuyu.

Katikati ya kazi akaniandikia kitu kwenye tableti ya kutafsiri, akanionyesha: UNA USO MDOGO SANA. Nikakosa la kujibu. Kwetu ukimwambia mtu ana kichwa kidogo mnaweza msiongee mpaka msiba mwingine utokee. Baadaye jamaa wa Uganda akaja kuniambia kule hiyo ni sifa kubwa, watu wanaitafuta kwa hela. Basi nikasema asante, mama yangu ndo kanizaa hivyo.

Nywele hazikuwa na mjadala, hizi zangu kipilipili zilizobaki wakazipulizia rangi ya fedha kwa kopo, ssssss, kama wanafukuza mbu. "Maji, inatoka," ilisema tableti. Hilo neno mlikumbuke.

Nguo sasa. Suruali ya ngozi nyeusi na jaketi jeupe lenye vishanga mpaka begani. Hawana saizi ya mtu aliyekula ugali toka utoto. Dada wa nguo hakukata tamaa, akavuta suruali mpaka ilipofika, nyuma akaacha zipu wazi akavuta na vibanio na utepe, jaketi nalo vilevile, mgongoni limefunguka lote. Ukiniangalia mbele, msanii wa kimataifa. Ukizunguka nyuma, nyumba iliyoishiwa saruji. Mpiga picha akawa ananiambia geuka kidogo, geuka kidogo, mi nakataa, yeye anadhani nina aibu ya jukwaa. Ndani ya viatu wakaweka visoli vya kuongeza urefu, nikasimama kama niko juu ya ngazi, nimeshika ukuta.

"Hana, dul, set!" Ndo moja mbili tatu yao. Wakati wa kutabasamu unasema "kimchi", ile kabichi yao yenye pilipili. Nikasema kimchi mpaka taya zikauma. Kazi ikaja kwenye ule mtindo wa moyo wa vidole, kidole gumba na cha shahada vinapishana juu. Mikono yangu ya spana, vidole kama ndizi mshale, moyo hauonekani, kinachoonekana ni mtu anadai chake. Picha ya kwanza niliyomtumia mama watoto alijibu: "Hela gani tena? Si nilikwambia ada tumeshalipa?"

Nikapiga hii, nikapiga ile, niliruka mara moja, nyuma kibanio kimoja kikaondoka kikaenda kugonga taa. Tusiongelee hilo.

Baada ya hapo unakaa pembeni ya kijana wa kompyuta anarekebisha picha nawe unaona. Hapa ndo nilipoumia. Kijana ana kasi ya ajabu. Klik, kitambi kimeondoka. Nikafurahi. Klik, kidevu kimechongoka. Sawa. Klik, lile kovu langu la shavuni limefutika, kovu nililolipata nikiwa darasa la nne nilipodondoka na baiskeli ya baba niliyoiba, nina miaka zaidi ya thelathini nalo, limeondoka kwa sekunde moja bila hata kuniuliza. Nikameza mate. Afu akasogeza picha kwenye meno, akakuza, na klik, akaziba mwanya.

Mwanya wangu! Mama watoto mwenyewe alinikubalia kwa huo mwanya, nje ya hapo sikuwa na sifa nyingine wala baiskeli. Nikamshika kijana mkono. Nikaomba tableti, nikaandika, "Usizibe mwanya, mwanya ni urembo." Akasoma, akakunja uso, akaenda akarudi na boksi zima la mekapu. Nikabonyeza irudishe kwa Kiswahili nione alichosoma: UFA USIFUNGWE, UFA NI VIPODOZI. Ikabidi nifungue mdomo, nioneshe pengo, nioneshe moyo, nioneshe pete ya ndoa. Wale dada wa mekapu wakaja kuangalia ndani ya mdomo wangu mmoja mmoja. Mwishowe kijana akasema "aaah", akarudisha mwanya, na kwa huruma yake akauongeza kidogo. Sasa kwenye ile picha nina mwanya wa kupita bodaboda.

Saa nane kasoro kumi nafungua kabati nichukue nguo na simu. Meseji 47. Sherehe imesogezwa, mkurugenzi ana safari, vyeti vitatolewa saa tisa kamili alasiri, tafadhali wote muwepo kabla ya muda. Na chini jamaa wa Uganda: ssebo uko wapi, ssebo, ssebo.

Dada akaniwekea kiti, anifute mekapu, nusu saa tu. Nusu saa sina! Nikavaa jinzi na tisheti, nikavaa viatu, nikakimbia mpaka stesheni, nikaingia laini ya pili, ile ya kijani. Behewa limejaa afu lipo kimya, kule watu kwenye treni hawaongei kabisa. Nikaona siti moja ya pinki, tupu. Nikashukuru Mungu nikakaa. Stesheni mbili, tatu, watu wananitupia jicho wanainamia simu. Nikasema ni nywele. Kuna bibi mmoja mbele yangu akaniangalia nywele, akashuka kwenye kumetameta, akashuka kwenye tumbo, akabaki hapo kwenye tumbo muda mrefu, afu akanionyesha kwa kidole alama iliyo juu ya kichwa changu. Nikageuka. Picha ya mama mjamzito. Nikasimama mpaka Gangnam, na tumbo langu.

Gangnam unabadilisha treni. Nikasema nipite chooni dakika mbili, si walisema maji inatoka. Nikainamisha kichwa bombani nikafungua. Wakuu, mi ni mtu wa maji, nafahamu presha, nafahamu mtiririko, lakini siku hiyo nilisahau jambo moja dogo kwamba kinachotoka juu lazima kiende chini. Rangi ilitoka nusu. Hiyo nusu ikashuka kwenye paji la uso, masikioni, shingoni, ikaingia kwenye tisheti. Wanja wenyewe haukutikisika hata kidogo. Nikajifuta na karatasi, karatasi ikachanika ikanata kwenye nyusi.

Saa tisa na dakika sita nafungua mlango wa ukumbi. Suti tupu. Watu wa Ghana, Nepal, Laos, Uzbekistan, wamekaa wamenyooka, mkurugenzi kasimama na karatasi, mzee mmoja mkali ambaye wiki tatu zote sikuwahi kuona meno yake. Na wakati huohuo ndo wanaita, "Tanzania." Ukumbi ukanyamaza. Jamaa wa Uganda akafunika uso na ratiba.

Nikatembea mpaka mbele, ningefanyaje. Cheti kule unapokea kwa mikono miwili na unainama. Nikainama sana, kwa heshima zote, na kile cha kumetameta kikaanguka chote juu ya cheti, na tone moja la fedha likafuata, pap, juu ya sahihi. Mzee akaliangalia. Akaniangalia mimi. Nikaona bega lake linatetemeka, nikasema basi, narudishwa kwetu leo. Kumbe anazuia kicheko. Kikamshinda. Alicheka yule mzee mpaka akashika meza, afu kabla ya picha ya pamoja akanivuta nisimame katikati, pembeni yake, akatoa kidole gumba na cha shahada, na yeye vidole vyake vinene tu kama vyangu, tukadai hela wote wawili.

Binti yangu ile picha ya studio aliiangalia akasema, "Baba, huyu nani?" Akairudisha. Anayotumia kwenye simu ya mama yake mpaka leo ni hii ya ukumbini, yenye karatasi ya choo kwenye nyusi.

Shida ni kwamba wale watu wa kozi waliituma pia ofisini kwetu, kubwa, ina fremu, na bosi akaitundika koridoni karibu na dirisha la kulipia bili. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kulalamikia mita, akasimama pale anaikagua, akanigeukia, "Injinia, huyu wa katikati mwenye mvi ndo mwalimu wenu?"

Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ndo huyo.

"Anaonekana mtu mzima lakini amechoka."

Nikamchukulia kiti akae, tukaanza na habari ya mita.