Punje ya vumbi si sababu ya kupiga rangi mlango mzima

Mteja akigundua dosari kwenye rangi ya gari jipya, muuzaji huwa na jibu tayari: liache hapa siku mbili, fundi atalipiga rangi upande huo. Linasikika kama jibu la ukarimu. Mara nyingi ni jibu baya, na mteja ana kila haki ya kulikataa.

Kiwandani, bodi hupakwa rangi ikiwa tupu, kabla ya nyaya, viti na raba kufungwa. Kwa hiyo huweza kuokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi au zaidi. Gari likishakamilika, joto hilo lingeharibu plastiki, ndiyo maana gereji nzuri huishia nyuzi 60 kwa takriban nusu saa na kutegemea hadna, kemikali ya kugandisha inayochanganywa, iikaushe klia, yaani koti la juu lisilo na rangi. Fundi makini anaweza kutoa kazi ya kudumu miaka mingi kwa njia hiyo. Lakini sasa kila kitu kinamtegemea yeye: usafi wa chumba, uwiano wa hadna, subira yake kati ya koti moja na jingine. Kubadilisha rangi nzima ya mlango kwa sababu ya punje moja ya vumbi ni kuingia hatari kubwa ili kuondoa kasoro ndogo.

Kabla ya kubishana na yeyote, jua unachokiona. Kagua gari kabla ya kusaini hati ya kulipokea, likiwa safi na kavu kabisa, kwanza kivulini kwa tochi ya LED uliyoishika kwa mshazari, kisha juani. Tochi huonyesha punje, michirizi na mashimo. Jua huonyesha mikwaruzo ya mviringo. Kwenye gari jeupe macho hayatoshi. Vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya boneti na paa, utasikia vijipunje usivyoviona.

Ukiweza, pata kipimo cha unene wa rangi. Tabaka zote za kiwandani kwa pamoja, yaani koti la kuzuia kutu, praima (koti la msingi), rangi yenyewe na klia, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Pima sehemu tano katika kila paneli. Milango mitatu ikisoma 115 na wa nne ukasoma 230, huo umepigwa rangi mara ya pili, labda baada ya kugongwa safarini, na muuzaji anapaswa kukueleza kabla hujalipa. Usomaji wa mikroni 500 na kuendelea kwa kawaida una puti, yaani udongo wa kujazia mabonde, chini yake. Bampa za plastiki hazisomeki kwa vipimo vya kawaida, na paneli za alumini zinahitaji kipimo kilichotengenezwa kusoma metali isiyo chuma.

Turudi kwenye punje ya vumbi, kwa kuwa ndiyo dosari ya kila siku. Ikiwa imenasa ndani ya klia na kuinua kichwa, huondolewa bila kupuliza chochote. Klia yenyewe mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo kazi ni ya vidole vyepesi. Fundi huziba kingo na mikunjo ya paneli iliyo karibu kwa tepu ya karatasi, maana hapo klia ni nyembamba zaidi. Huweka msasa wa maji wa P2500 au P3000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) kwenye kitalu kidogo kigumu kinachotosha kwenye ncha ya kidole, hulowanisha kwa maji yenye tone la shampuu, husugua mara chache, hufuta, hutazama. Anasugua kichwa cha punje tu. Ute unaotoka ukiwa mweupe, anakata klia. Ukibeba rangi ya gari, klia imekwisha na sasa kweli mlango unahitaji rangi, tena kwa kosa lake. Baada ya msasa hufuata kompaundi, dawa ya kusugulia alama za msasa, kwa pedi ndogo ya milimita 75, kisha polishi laini.

Mwombe apime kabla na baada, akichukua wastani wa vipimo kadhaa. Kupoteza mikroni 3 hadi 5 ni kawaida. Ikikaribia 10, uimara wa baadaye umeanza kuliwa, kwa sababu kinga dhidi ya mionzi ya jua imo ndani ya klia hiyo hiyo. Na punje iliyolala chini, ndani ya rangi yenyewe, haifikiwi na msasa. Kama haionekani ukiwa umesimama hatua mbili, iache na udai punguzo la bei.

Mchirizi hukwanguliwa kwa wembe maalumu au kusagwa kwa kitalu cha P1500, halafu hatua zile zile. Mikwaruzo ya mviringo karibu kila mara hutokana na kuoshwa kwa kitambaa chenye mchanga hapo hapo kwa muuzaji, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba gari lisioshwe kabla ya kukabidhiwa. Wakikuambia wameshaipolishi, ifute sehemu hiyo kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji na uitazame tena. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha hadi maosho machache yapite.

Kuna dosari ambazo kupuliza upya ndiyo dawa pekee: metali iliyo wazi, klia inayobanduka, vishimo vingi vilivyoletwa na silikoni au mafuta chini ya rangi, paneli yenye rangi isiyolingana na jirani yake. Hapo weka masharti kwa maandishi. Vitasa, raba na taa vifunguliwe, visizungushiwe tepu tu. Rangi ichanganywe kwa namba ya rangi ya gari na ijaribiwe kwanza kwenye kadi. Rangi ya metaliki ififishwe kuingia paneli ya jirani, lakini klia ifike hadi ukingo wa paneli. Klia inayoishia katikati huanza kuonyesha mpaka wake na kumenyuka. Kazi hiyo iwe na dhamana yake, iliyotajwa kwa muda.

Unapolichukua, fungua milango uangalie vumbi la rangi kwenye raba na kwenye tairi, na pitisha ukucha kwenye kingo ukitafuta ngazi ya tepu. Tazama vichwa vya bolti za bawaba kama vimechubuka. Usipake nta juu ya rangi mpya kwa siku 30 hadi 60, au muda utakaotajwa na mtengenezaji wa klia, ili vimumunyisho vilivyobaki vitoke. Hifadhi orodha ya vipimo vya unene pamoja na hati za gari, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye naye atakuja na kipimo chake na kuuliza kwa nini mlango mmoja unasoma tofauti.