Doti Moja ya Kukataa

Mimi niliajiriwa kukunjua doti na kuandika risiti katika duka moja la leso, yaani kanga, pale Biashara Street, si kuwavunja watu mioyo. Lakini tajiri alipotangaza kwamba anatafuta mtunzi wa majina ya leso, kazi ya kuwajibu wasiofaa alinitupia mimi, tena kwa sharti kwamba nisimuudhi hata mmoja, kwa kuwa wote ni wateja na nusu yao ni jamaa zake.

Jina la leso, kama ajuavyo kila aliyelelewa Mombasa, hukaa mstari mmoja tu, juu ya pindo la chini, na kwa maneno hayo machache mtu humpasha jirani yake bila ya kufungua kinywa. Karani mmoja mstaafu aliniletea jina la maneno arubaini na saba, lenye salamu, kumbukumbu nambari na "wako mtiifu". Nilimweleza kwa adabu zote kwamba kitambaa ni kama mita moja na nusu tu, naye akanijibu kwamba yatakayobaki yachapwe kwenye kipande cha pili, kwani leso si huuzwa mbili mbili? Kijana mwengine alileta "Nilipe elfu mbili zangu", akataka ichapwe doti moja tu, ipelekwe Likoni.

Aliyenitoa jasho ni jirani yetu wa Kibokoni, bibi aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, ambaye majina yake yote kumi na mawili, nilipoyasoma vizuri, yalikuwa yakimsema mamangu.

"Bibi, tutakuarifu inshallah," nikamwambia. Hapo nilikosea, maana kwetu inshallah ya kukubali na ya kukataa zina sauti moja. Kesho yake akaja na mahamri, akaulizia mshahara.

Basi nikaona afadhali leso yenyewe inisemee, ndiyo kazi yake tangu jadi. Nilipekua rafu zote mpaka adhuhuri, nikakuta majina ya kuringa, ya kusuta, ya kumshukuru mzazi na ya kumkomoa mke mwenza, lakini la kumwambia mtu "hapana" kwa upole sikuliona, na katika wote walioomba kazi hakuna aliyelifikiria. Nikachagua "Asante Mama", nikamfungia kwenye gazeti, nikamtakia kila la heri.

Jumatatu, kabla sijafungua kufuli la pili, alikuwa amesimama barazani amejifunga leso hiyo hiyo, akaniuliza meza yake itawekwa upande gani, na kama feni inafika.