Ugonile ya Tabata, Shikamoo ya Posta

Kila Jumapili jioni, nyumbani kwetu Tabata, mama huketi barazani akampigia simu kaka yake aliyeko Tukuyu. Neno lake la kwanza ni "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, na tangu hapo hadi salio linapokwisha huwa mtu mwingine kabisa: sauti hupanda, mkono usioshika simu hupunga hewani, na kicheko ambacho sisi wanawe hatukisikii siku nyingine humtoka bila kizuizi. Simu ikikatika, hurudia Kiswahili chake cha taratibu, cha mwalimu mstaafu, na kutuuliza kama chakula kimeiva. Kwa miaka mingi nimejiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye mama yetu hasa.

Wapo wanaoamini kwamba lugha ndiyo inayofinyanga nafsi. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu wa Marekani aliyefariki mwaka 1941, aliendeleza fikra za mwalimu wake Edward Sapir na kudai kwamba sarufi ya lugha humwelekeza msemaji auone ulimwengu kwa namna yake. Dai hilo likichukuliwa kwa ukali wake wote, mama ana nafsi mbili, na sisi tusiojua Kinyakyusa tumelelewa na nusu yake. Wengine huiona lugha kama vazi tu: mtu huvua kanzu akavaa suti, na mwili ukabaki uleule.

Ushahidi unaoidhoofisha hoja ya kwanza tunao midomoni mwetu kila siku. Kiswahili huhesabu saa tangu macheo, na mkazi wa Dar es Salaam hutazama simu inayoonyesha 9:00 akatamka "saa tatu" bila kusita, kisha akaingia kikaoni na kuitaja saa ileile kwa hesabu ya Kiingereza, wala siku yake haigawanyiki vipande viwili. Tena sarufi yetu haibagui mume na mke: "amekuja" ni ya baba kama ilivyo ya mama. Kama sarufi peke yake ingetosha kuujenga mtazamo wa watu, wasemaji wa Kiswahili wangekuwa mfano wa dunia katika usawa wa jinsia, na mjane yeyote aliyewahi kugombania mirathi anajua kwamba hatujafika huko.

Hata hivyo, hoja ya vazi nayo inakwama mlangoni kabisa, kwenye salamu. Kiswahili hakikuruhusu kuanza mazungumzo na mtu kabla hujajua umesimama wapi mbele yake kwa umri, kwa kuwa ama utatoa shikamoo, ama utaitikia marahaba, ama mtajuliana hali kama marika. Chukua meneja wa miaka thelathini katika ofisi ya Posta, ambaye dereva wake ana miaka hamsini na mitano. Akiamkia, anahisi amejishusha mbele ya mtu aliye chini yake kazini; akisubiri kuamkiwa, amevunja adabu aliyolelewa nayo. Wengi katika hali hiyo hukimbilia salamu ya Kiingereza, ambayo haiulizi umri wa mtu. Kwa kufanya hivyo meneja hajabadili vazi tu, bali ameuweka kando uhusiano mmoja na kuuchukua mwingine, na dereva ameelewa. Jioni watakapokutana msibani Temeke, meneja yuleyule atainama kidogo na kusema "Shikamoo, mzee", naye mzee ataitikia na kumuuliza hali ya wazazi wake. Yupo mtu mmoja na akili yake moja, lakini kila lugha imempa nafasi tofauti ya kusimama, na yeye na mwenzake wanaiishi nafasi hiyo kwa dhati.

Nilipomuuliza mama kuhusu zile simu zake, alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwa Kinyakyusa yeye bado ni mdogo wa mtu, ila kwa Kiswahili amekuwa mkubwa tangu siku alipoajiriwa. Sijasikia maelezo yanayonitosheleza kuliko hayo.

Kwa mtazamo huo, ndipo tunapoweza kuupima kwa haki uamuzi ambao nchi hii ilifanya. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Baada ya Uhuru, Kiswahili kilifanywa kuwa sura yetu ya hadharani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na sensa ya mwaka huohuo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Tulichopata ni kikubwa, na ninakithamini kwa moyo wote: mtu hushuka basi Dar es Salaam akapanga chumba, akafungua genge na akaoa bila kuulizwa kwanza anatoka ukoo gani. Wanaosikitika kwamba watoto wa mjini hawana utambulisho kwa sababu hawajui lugha za babu zao wanakosea, maana binti yangu hulia, huota na hugombana kwa Kiswahili cha Tabata, na hicho ndicho cha ndani kwake. Ila hasara ipo, na iko mahali mahususi. Mjomba wangu wa Tukuyu hunisemesha Kiswahili safi, cha heshima, kama anavyomsemesha mgeni. Nafsi yangu iko salama. Nilichokosa ni kuwa mpwa wake kwa namna ambayo mama ni mdogo wake.

Linalonihangaisha zaidi, hata hivyo, ni shule. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Wazazi wanaotetea utaratibu huu wana sababu nzito: vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza, waajiri wengi huhoji kwa Kiingereza, na anayekikosa huachwa nje ya milango mingi. Sithubutu kumlaumu anayejinyima ili mwanawe akipate. Lakini mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila dakika darasa la saba hunyamaza ghafla, na mwisho wa muhula ripoti yake huandikwa "ni mpole", nao wazazi huamini, na baada ya miaka miwili hata yeye huamini. Upole huo haukutoka kwenye nafsi yake. Umeandikwa juu yake na lugha ambayo bado hajapewa nafasi ya kusimama ndani yake, na hapo ndipo nakubali kwamba, tusipoangalia, lugha inaweza kweli kumuumba mtu.

Mama alifundisha historia sekondari. Kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuandika chochote kwa Kiingereza, aliwaachia dakika kumi wabishane kwa Kiswahili juu ya mada, huku yeye akizunguka kati ya madawati na daftari dogo mkononi. Maoni ya ripoti zake aliyatoa kwenye daftari hilo.