Kiputo cha maneno kitulie, mkia ndio utembee

Video nyingi zenye viputo vya maneno, yale maumbo ya katuni yanayobeba kauli ya msemaji, siku hizi zinanichosha macho, na sababu ni moja: mhariri amekifunga kiputo kizima kwenye kichwa cha msemaji. Mtu akitikisa kichwa, maneno nayo yanatikisika. Akiinama kuokota kalamu, sentensi inainama naye. Mtazamaji anabaki kuyafukuza maneno kama anayesoma tangazo lililobandikwa nyuma ya pikipiki.

Naelewa tulifikaje hapa. Kufuatilia mwendo, yaani kuiachia programu ya kuhariri video imwandame mtu anaposogea, kumekuwa rahisi mno. Kwenye CapCut unachagua uso, unasubiri kidogo, kiputo kinaandamana na mtu. Programu nyingine kama After Effects na DaVinci Resolve zinakuachia mengi zaidi ya kurekebisha, lakini kazi ni ileile: programu inashika kipande kidogo cha picha kinachoonekana wazi, tuseme pembe ya nyusi, kisha inakitafuta kwenye kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inayofuata. Video ya fremu 25 kwa sekunde ikikosea pikseli moja hapa, mbili pale, tayari una kiputo kinachotetemeka. Mkono ukipita mbele ya uso, ndiyo basi tena, kiputo kinarukia ukutani.

Kwangu mimi, cha kumfuata mtu ni mkia tu, ile ncha ya kiputo inayomwonyesha msemaji. Uweke kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake, shina lake lijifiche chini ya kiputo, ncha ielekee mdomoni. Mtu akisogea, zungusha mkia kidogo. Mara nyingi hata huhitaji ufuatiliaji wa kompyuta, alama mbili tatu za mwendo ulizoweka kwa mkono, kila moja ikiambia programu mkia uwe wapi wakati fulani, zinatosha. Wala mkia hauna haja ya kugusa midomo. Wachora katuni huuishia njiani, na msomaji hakosei nani anasema.

Uhuishaji wenyewe uwe mwanzoni. Programu nyingi huweka egemeo, ile nukta ambayo umbo hukulia kutoka kwake, katikati ya umbo, kwa hiyo kiputo kinavimba kutoka hewani. Lihamishie egemeo kwenye ncha ya mkia, ndipo maneno yataonekana yanatoka kwa mtu. Anzia asilimia 0 ya ukubwa wake, kipite kidogo hadi 108, kirudi 100, yote ndani ya fremu 8 hivi. Baada ya hapo kiache. Kile kiputo kinachopumua muda wote, kinapanda na kushuka bila sababu, sijui kinamsaidia nani.

Muda nao tunaubana. Manukuu ya filamu zisizo za watoto kwa kawaida huhesabiwa herufi kama 17 kwa sekunde, na hayo hukaa palepale chini ya skrini. Kiputo lazima jicho likitafute kwanza. Sentensi ya herufi 34, ambayo kwenye manukuu ingepewa sekunde 2, mimi naipa 3.

Halafu kuna viputo vinavyorudia neno kwa neno kile tunachokisikia. Hayo ni manukuu yaliyovalishwa nguo za sherehe. Mpe kiputo asiyesema: paka, mtoto mchanga, yule jamaa wa nyuma anayekunja uso mwenzake akijisifu. Hapo ndipo watu wanacheka.

Na ile sauti ya “pwa!” inayotoka kila kiputo kikifunguka: ya kwanza natabasamu, ya nne naifunga video.